Kalibu ya biri haikuchagulii usalama, hukuchagulia dozi

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wale wanaotafuta kalibu ya kusokotea biri nyumbani. Biri ninayoizungumzia ni ile sigara nene ya rangi ya kahawia, isiyo na karatasi wala kichungi, iliyosokotwa kwa majani ya tumbaku yenyewe. Zamani tuliiona katika sinema, mdomoni mwa tajiri mwenye kitambi. Siku hizi huipati kwenye sinema tu. Utaiona kwenye arusi, kwenye sherehe za kufuzu chuo, na hata kwenye meza za baa za mitaa yetu ya Eastlands wikendi ya mwisho wa mwezi.

Biri halisi kutoka Kuba ina bei isiyoshikika kwa mtu wa mshahara wa kawaida. Kwa hivyo wapo walioona heri kununua majani, kutafuta kalibu na kujisokotea wenyewe sebuleni. Wengine wanataka kupunguza gharama, wengine wanaona ni biashara ndogo ya kuongezea kipato, na wengine wameambiwa kwamba tumbaku ya kujisokotea ni salama kwa sababu haikupitia kiwandani. Hapa Jericho jambo hili lina ndugu yake mkubwa wa siku nyingi, nao ni ule msokoto wa tumbaku kali uitwao kiraiko, ambao wazee wetu huufunga kwa kipande cha karatasi na kuuvuta nje ya nyumba jioni. Biri ni yenye majivuno zaidi, lakini jani ni lile lile.

Swali linaloulizwa ni hili: Ninunue kalibu ipi? Ya mbao au ya plastiki? Nyembamba au nene? Mimi ni daktari wa mtaani na si fundi wa biri, lakini swali hili lina jibu la kidaktari, na ni vyema lijibiwe waziwazi. Kalibu haina uwezo wa kukuchagulia usalama. Kitu pekee inachokuchagulia ni kiasi cha sumu utakachovuta wewe, pamoja na watu wote mnaolala nyumba moja.

KALIBU NI NINI

Kwa wasioijua, kalibu ya biri ni vibao viwili vinavyofunikana. Kila kibao kimechongwa mifereji, aghalabu 10 au zaidi, na cha juu kikilala juu ya cha chini huacha nafasi zenye umbo la biri. Msokotaji hukusanya majani ya ndani, huyazungushia jani moja la kuyashikilia, kisha huyalaza mferejini. Kalibu hufungwa na kubanwa kwa muda wa nusu saa au zaidi, biri hugeuzwa, halafu hubanwa tena ili zisiwe na alama upande mmoja. Mwisho huzungushiwa jani laini la nje, lile linaloonekana.

Mbao hunyonya unyevu wa majani, plastiki hainyonyi. Ya mbao ni nzito na huhitaji kukaushwa vizuri, ya plastiki ni nyepesi na huoshwa kwa urahisi. Fundi stadi wa mbao pale Gikomba akionyeshwa kalibu moja atakuchongea ya pili bila shida. Hayo ndiyo yote utakayoambiwa na muuzaji, pamoja na swali moja: unataka unene gani?

Hapo ndipo ningependa usimame kidogo, kwa sababu swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kiafya.

Unene wa biri hupimwa kwa kugawanya inchi moja katika sehemu 64. Kalibu namba 32 hutoa biri ya nusu inchi. Namba 50 hutoa biri ya karibu milimita 20, na namba 64 ni inchi nzima. Sigara ya kawaida ya dukani ina unene wa milimita 8 hivi. Sasa kumbuka hesabu ya eneo la duara uliyofundishwa shuleni. Unene wa kitu cha mviringo ukizidishwa mara 2, kilichomo ndani hakizidi mara 2 bali mara 4. Kwa hivyo, ikiwa urefu ni mmoja, mtu aliyenunua kalibu namba 64 badala ya namba 32 amejipakulia tumbaku mara 4, ilhali kwa macho anaona biri iliyonenepa kiasi tu.

Sigara moja ya kiwandani ina tumbaku isiyofika gramu 1. Biri kubwa huwa na gramu 5 hadi 20. Ziko biri ambazo tumbaku yake inalingana na ile ya pakiti nzima ya sigara 20. Kuhusu nikotini, yaani ile dawa inayomfunga mtu katika uraibu, sigara huwa na miligramu 8 hivi, na kati ya hizo mvutaji hupata 1 au 2. Biri nyingi kubwa huwa na miligramu 100 hadi 200. Sigara huisha kwa dakika chache, lakini biri kubwa inaweza kuvutwa kwa saa nzima au zaidi, na muda wote huo inafuka chumbani.

Kwa hivyo, msomaji, unapoishika kalibu dukani na kupima unene wake kwa kidole, elewa kwamba unachokishika ni sawa na kile kijiko cha kupimia dawa ya kikohozi. Tofauti ni kwamba kijiko cha dawa kimeandikwa kiasi ambacho hakitakudhuru, na kalibu haina kiasi kama hicho.

"HII HAINA KEMIKALI"

Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba tumbaku ya kujisokotea ni ya asili. Haikutiwa kemikali za kiwandani, kwa hivyo haiwezi kudhuru. Ni hoja inayovutia, hasa kwetu sisi tuliolelewa tukiambiwa kwamba chakula cha shambani ni bora kuliko cha mkebe.

Hebu tufikirie jiko la makaa. Kila mwaka, msimu wa baridi unapoingia Nairobi, tunawaonya watu wasilale na jiko linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi huua mtu akiwa usingizini. Je, kuna mtu aliyeyatia makaa hayo kemikali? La hasha. Ni mti uliokatwa na kuchomwa. Sumu haikutiwa na mtu yeyote, ilizaliwa wakati kitu kilipoungua.

Tumbaku ni vivyo hivyo. Ukichoma jani lolote unapata kaboni monoksidi, lami na chembechembe zinazoingia mapafuni. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Nyingi kati yake hazikuongezwa na kiwanda chochote bali ni matokeo ya moto. Isitoshe, tumbaku ina sumu zake hata kabla ya kuwashwa. Mmea wenyewe hufyonza madini ya kadimiamu kutoka udongoni. Na majani yanapokaushwa na kuchachushwa, ile kazi hasa inayoipa biri ladha yake, hutokea kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani katika tumbaku. Yaani kile mpenzi wa biri anachokisifu kuwa ndicho utamu, ndicho pia kinachoongeza sumu.

Mwaka wa 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliyaonya makampuni matatu yaliyokuwa yakiuza sigara kwa maneno kama "za asili" na "bila viongezo". Sababu ilikuwa kwamba maneno hayo humfanya mnunuzi aamini kuwa anapunguza hatari, na makampuni hayakuwa yamethibitisha hivyo.

Wala nisieleweke kwamba nasifu sigara ya kiwandani. Vichungi vilienea sana katika miaka ya 1950, baada ya watu kuanza kusikia habari za saratani ya mapafu, na vikatangazwa kana kwamba ni ngao. Mwaka wa 2014 ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ilieleza kwamba hatari ya kupata saratani ya mapafu kwa mvutaji imepanda tangu miaka ya 1960, ingawa anavuta sigara chache zaidi, na kwamba mabadiliko ya sigara zenyewe, yakiwemo matundu ya kupitishia hewa kwenye vichungi, huenda yamechangia. Kwa hivyo anayehama kutoka sigara hadi biri, na anayehama kutoka biri hadi sigara, wote wawili wamehama chumba ndani ya nyumba ile ile inayoungua.

"SIVUTI HADI KIFUANI"

Hoja ya pili ni ya wale wanaojua mambo. Watakuambia kwamba biri haivutwi hadi mapafuni kama sigara. Moshi huzungushwa mdomoni kisha hutolewa. Basi madhara yako wapi?

Ni kweli kwamba wengi hawavuti hadi kifuani, na sababu yake inafaa kueleweka. Moshi wa sigara una asidi, na nikotini yake haipenyi vizuri mdomoni, ndiyo maana mvutaji hulazimika kuuvuta mapafuni ili atosheke. Moshi wa biri una alkali. Nikotini yake hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo bila kufika kifuani. Hivyo mtu anaweza kuwa mraibu wa biri huku akijisifu kwamba hajawahi kuivuta ndani. Hata biri isiyowashwa, ikikaa mdomoni, huendelea kumpa nikotini.

Pili, mdomo, ulimi, koo na umio ni viungo kama viungo vingine. Vinalowa moshi huo na mate yaliyochanganyika nao. Biri husababisha saratani ya mdomo, ya kikoromeo, ya umio na ya mapafu. Hapa Kenya saratani ya umio tayari ni miongoni mwa zile zinazoua watu wengi zaidi, na hatuna haja ya kuiongezea njia.

Ulysses Grant, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alijulikana kwa biri zake na alikufa kwa saratani ya koo mwezi wa Julai mwaka wa 1885. Sigmund Freud, daktari maarufu wa magonjwa ya akili kutoka Vienna, aligunduliwa kuwa na saratani ya mdomo mwaka wa 1923. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30 kabla ya kufariki mwaka wa 1939, na hata hivyo alishindwa kuziacha biri. Alikuwa daktari mwenyewe, na msomi wa tabia za binadamu. Nikotini haikujali elimu yake.

Tatu, aliyewahi kuvuta sigara kisha akahamia biri, mara nyingi huendelea kuvuta hadi kifuani kama alivyozoea, bila yeye mwenyewe kutambua. Mtu huyo amebeba tumbaku mara nyingi zaidi kwa njia ile ile ya zamani.

NYUMBA YA VYUMBA VIWILI

Sasa tuje kwenye jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni lile neno "nyumbani".

Mitaa yetu, iwe ni Jericho Lumumba au Jericho Ofafa, ilijengwa na Baraza la Jiji la Nairobi kwa ajili ya wafanyakazi wa kipato cha chini na cha kati. Nyumba nyingi ni za chumba kimoja au viwili. Sebule mchana ni mahali pa kupokea wageni, jioni ni mahali pa kufanyia kazi ya shule, na usiku ni mahali pa watoto kulala. Ukiwasha biri hapo saa mbili usiku, moshi hauendi popote. Huingia katika mapazia, katika vitambaa vya makochi, katika magodoro, na hubaki humo baada ya biri kuzimwa. Mtoto anayetambaa huugusa kwa mikono kisha hutia mikono kinywani.

Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima na mapafu yake bado yanakua. Moshi wa wengine humletea nimonia, pumu, maradhi ya masikio, na kwa mtoto mchanga huongeza hatari ya kifo cha ghafla akiwa usingizini. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta, walikaa tu karibu na wavutaji. Tena usisahau kifua kikuu, maradhi ambayo mitaa iliyosongamana inayajua vizuri. Uvutaji humrahisishia mtu kuugua kifua kikuu, na anayekiugua hukohoa juu ya wale wale wa chumba kile kile.

Hata kabla ya kuwashwa, tumbaku si kitu cha kuchezea mezani. Majani ya kusokotwa hulowekwa kidogo ili yasivunjike, na nikotini ya jani lenye unyevu hupenya kwenye ngozi ya mikono. Wakulima wa tumbaku wanaufahamu ugonjwa huu. Wakivuna majani yenye umande hupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Mtoto mdogo akitafuna kipande cha jani anaweza kupata sumu ya kumpeleka hospitali usiku huo. Na majani yenye unyevu yakihifadhiwa chini ya kitanda katika chumba kisichopitisha hewa humea kuvu, sawa na mahindi yaliyoanikwa vibaya. Kuvu hiyo hukaa pia katika mifereji ya kalibu ya mbao.

Si mara ya kwanza ulimwenguni kwa familia kusokota biri ndani ya vyumba vya kulala. Kalibu za mbao zilianzia Ujerumani na zikaenea Marekani kuanzia mwaka wa 1870 hivi. Kwa sababu ya kalibu, kazi iliyohitaji fundi aliyejifunza kwa miaka sasa iliweza kufanywa na mtu yeyote kwa malipo kidogo. Katika jiji la New York kazi hiyo ilihamia nyumbani mwa wahamiaji maskini. Baba, mama na watoto walisokota biri katika chumba kile kile walichopikia na kulala, majani yakiwa yametandazwa kila mahali. Samuel Gompers, msokotaji wa biri aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alimpeleka mbunge kijana kujionea. Mbunge huyo alikuwa Theodore Roosevelt, yule yule aliyekuja kuwa rais na kisha akazuru Nairobi mwaka wa 1909 kuwinda. Alichokiona kilimfanya aunge mkono sheria ya kupiga marufuku kazi hiyo katika nyumba za kupanga.

Sheria ilipitishwa, lakini mnamo Januari 1885 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliibatilisha katika kesi ya Jacobs. Miongoni mwa sababu zao, majaji walisema haikuwa imeonyeshwa kwamba kutayarisha tumbaku kunahatarisha afya ya umma. Miezi sita baadaye, katika jimbo hilo hilo la New York, Grant akafa kwa saratani ya koo. Majaji wa 1885 wana udhuru, kwa maana sayansi ilikuwa bado haijasema. Sisi tulio hai leo hatuna udhuru huo.

MWENYE KUTAKA KUUZA

Najua kwamba kwa baadhi yenu si suala la kuvuta. Kazi hazipatikani, kodi ya nyumba haisubiri, na mtu amekuambia kwamba biri 10 kwa siku zitakulisha. Siidharau shida hiyo. Lakini itazame biashara yenyewe kwa makini.

Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka wa 2004, ikatunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka wa 2007, na sheria hiyo ikaanza kutumika mwaka wa 2008. Chini yake, ni kosa kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, na kila kifurushi kinachouzwa lazima kibebe onyo la afya. Kanuni za mwaka wa 2014 zikaongeza maonyo ya picha. Kampuni ya British American Tobacco ilizipinga kanuni hizo hadi Mahakama ya Juu, na mwezi wa Novemba 2019 ikashindwa. Biri yako ya sebuleni, isiyo na kifurushi wala onyo, haina kinga yoyote mbele ya sheria hizo.

Na hapa nina neno kwa wakubwa wetu pia. Tumetumia nguvu nyingi kupigania picha za onyo kwenye pakiti za sigara, na hilo ni jema. Lakini jani lililokaushwa linalouzwa sokoni kwa fungu, pamoja na ugoro unaopimwa kwa kijiko, humfikia mnunuzi bila picha na bila neno. Mnunuzi huyo aghalabu ni maskini, na mara nyingi ni mzee. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 2.5 nchini, yaani asilimia 11.6, walikuwa wakitumia tumbaku, na kwamba asilimia 4.5 walikuwa wakitumia ile isiyo ya moshi. Maoni yangu ni kwamba onyo linapaswa kulifuata jani popote liendako, iwe limo ndani ya pakiti yenye nembo au limefungwa kwa gazeti la jana.

Mkulima naye hakusahaulika. Huko Migori, mpango uliozinduliwa mwaka wa 2022 na serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa umekuwa ukiwasaidia wakulima wa tumbaku kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Ikiwa mwenye shamba ameonyeshwa njia ya kuliacha jani hili, kwa nini sisi wa mjini tulikaribishe sebuleni?

"BABU ALIVUTA AKAFIKA MIAKA 90"

Hoja ya mwisho haikosi. Kila mtaa una mzee aliyevuta kiraiko tangu ujana na bado anatembea na bakora yake. Namheshimu mzee huyo, lakini hatuwezi kuwahesabu wale waliovuta pamoja naye na ambao hawapo tena kutuambia yaliyowapata.

Ndiyo maana wataalamu hawahesabu mtu mmoja. Mwaka wa 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wanaume zaidi ya 34,000, na uchunguzi ukaendelea kwa miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2004 yalionyesha kwamba waliovuta sigara maishani mwao walipoteza kwa wastani miaka 10 ya uhai. Miaka 10 ni muda wa kumwona mjukuu akianza darasa la kwanza na kufika sekondari.

Lakini uchunguzi huo huo ulileta habari njema, nami nataka uishike zaidi kuliko zile za kutisha. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 60 walijirudishia karibu miaka 3. Walioacha wakiwa na miaka 50 walijirudishia 6, wenye miaka 40 walijirudishia 9, na walioacha wakiwa na miaka 30 walikaribia kurudishiwa yote 10. Hakuna dawa katika kabati langu inayoweza kumpa mgonjwa faida kama hiyo.

UFANYE NINI

Kama hujaanza, usinunue kalibu. Pesa za kalibu na za majani zina kazi nyingine nyumbani.

Kama tayari unavuta, chagua siku ya kuacha na umwambie mtu mmoja unayemheshimu. Toa nyumbani majani, kalibu, kibiriti na kile kisahani cha majivu. Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi. Utakuwa na hasira, utakosa usingizi na utataka kula kila mara. Hali hiyo hupungua katika wiki chache, na hamu inapokujia mara nyingi hupita baada ya dakika chache ukijishughulisha. Tembea hadi Camp Toyoyo ukatazame mpira, kunywa maji, piga soga na asiyevuta. Ziko pia dawa za kusaidia, kama vile bandiko na chingamu za nikotini, ambazo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka wa 2009. Muulize mhudumu wa afya aliye karibu nawe, au upige simu ya bure ya NACADA, namba 1192.

Kama bado hujaweza kuacha, basi usiwashe kamwe ndani ya nyumba, hata mvua ikinyesha, hata watoto wakiwa shuleni. Dirisha wazi halitoshi. Weka majani mahali mtoto hafiki, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto au kugusa chakula.

Na kama umevuta kwa miaka mingi, jikague. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili au tatu, doa jeupe au jekundu kwenye ulimi au shavu la ndani, sauti iliyokwaruza isiyorudi, chakula kinachokwama kooni, kikohozi kisichokwisha au makohozi yenye damu, yote hayo si ya kusubiri mwisho wa mwezi. Nenda ukaonwe. Saratani ya mdomo ikigunduliwa mapema hutibika, ikichelewa huwa ni habari nyingine.

Basi ukiniuliza tena, ndugu msomaji, ni kalibu ipi bora ya kusokotea biri nyumbani, jibu langu ni fupi. Ni ile uliyoiacha dukani.